Njumu za Chacha na Samli ya Mama

Wageni wa msiba walipoanza kupungua, shangazi aliniambia niingie chumbani kwa mama nipange nguo zake kabla ya siku ya kuzigawa. Niliinama kuvuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda, na kabla sijalifikia, harufu ikanifikia mimi. Ilikuwa samli. Sisemi samli ya kopo inayouzwa madukani Tarime mjini, nasema ile ya nyumbani, ya maziwa yaliyotikiswa kwenye kibuyu hadi mkono ukauma, yenye moshi kidogo na uchachu kidogo. Nyuma ya sanduku palikuwa na mfuko wa salfeti uliokunjwa vizuri, na ndani yake njumu za kaka yangu Chacha, viatu vya kuchezea mpira ambavyo havijakanyaga uwanja tangu mimi nikiwa darasa la pili. Nilikaa sakafuni nikavipakata, nguo nikazisahau.

Kwetu ni Nyanungu, upande wa Tarime unaopakana na Kenya, nchi ya mahindi, mihogo na ng'ombe. Tulizaliwa watatu: Chacha, kisha dada yangu, kisha mimi, kwa mbali. Baba yetu, Marwa, alikuwa mtu wa ng'ombe na redio, kwa mpangilio huo siku za kawaida, na kwa kuugeuza siku za mpira. Wenzake walizipenda klabu kubwa za Dar es Salaam, wakagombana kwa ajili ya klabu hizo hadi kunyimana tumbaku. Yeye aliipenda timu ya taifa ya vijana, wale wa chini ya miaka kumi na saba. Alisema wakubwa wameshaharibika na hawarekebishiki, lakini kijana bado unaweza kumtegemea. Timu ile ilibeba jina la mbuga iliyo upande wetu wa mkoa, na mimi kwa akili ya utoto niliamini ni mali yetu, kwamba wale vijana wakimaliza kucheza hurudi kulala Mugumu, mji ulio jirani na mbuga hiyo.

Historia ya timu hiyo katika mashindano ya nje baba aliijua kwa kichwa, kama wazee wengine wanavyojua majina ya mababu, na ilikuwa historia ya kukaribia. Walikaribia kufuzu, wakafungwa ugenini. Wakafuzu, wakatolewa kwa bao la dakika za mwisho. Wakashinda mechi ambayo hakuna aliyewapa nafasi, nchi nzima ikapiga kelele, kisha wakapoteza ile iliyoonekana rahisi. Ungemsikiliza baba akisimulia ungedhani anasimulia jamaa yake mwenye mkosi. Na bado kila mashindano yalipokaribia alipandisha waya wa redio, akakaa juu ya kigoda, akasema, "Safari hii." Hakumalizia sentensi hiyo hata mara moja. Mama, akitikisa kibuyu chake mlangoni pa jiko, alimjibu, "Safari hii nini, Baba Chacha?" Ulikuwa utani wao, na sisi watoto tulijua kwamba wakitaniana hivyo nyumba iko salama.

Chacha alikuwa beki wa kati. Alikuwa na kichwa kikubwa na mikono mifupi, na kichwa hicho ndicho kilichompa jina uwanjani, kwa sababu hakuna mpira wa juu uliompita. Mikono hiyo mifupi nayo ilikuwa na kisa chake, na lazima nikieleze. Watoto wengi kijijini kwetu walizaliwa nyumbani, na hakuna aliyeshika tarehe. Mwalimu aliyeandikisha darasa la kwanza aliwapima kwa mkono. Ulipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Ukigusa sikio la kushoto umefikia umri wa shule, usipogusa rudi ukachunge. Chacha hakugusa, akarudishwa. Mwaka uliofuata hakugusa tena. Baba hakulalamika, ndama walihitaji mtu. Mara ya tatu kidole kikafika, na mwalimu akamhesabia miaka saba kama watoto wote waliogusa siku ile. Tangu hapo Chacha akawa na umri wa wanafunzi wenzake. Nyumbani tulikicheka sana kisa hicho, na shangazi alikuwa akimvuta mkono ili ukue.

Alipofika sekondari mjini, alipatikana mtu wa kumwona. Mzee Hamisi alikuwa fundi cherehani pale Nkende, babu zake walitoka Tanga, na jioni alifunga kibanda chake akawafundisha vijana mpira. Ndiye aliyemtafutia Chacha njumu za ngozi kwenye mitumba, za mguu wake hasa. Ngozi ilikuwa imekauka, na mama, ambaye hakujua dawa nyingine ya ngozi kavu, akazipaka samli. Zikalainika. Kuanzia hapo Chacha alipokuja likizo alimletea mama viatu kwanza, salamu baadaye. Wenzake walimtania kwamba mbwa watamfuata uwanjani.

Kisha yakaja mashindano ya shule, wateuzi wa timu ya taifa ya vijana wakamwona, na Mzee Hamisi akapanda bodaboda mpaka Nyanungu kutuletea habari. Chacha alitakiwa kambini Dar es Salaam, na timu ikiiva itakwenda kucheza nje ya nchi. Baba alisimama, akakaa, akasimama tena. Ile timu ya redioni ilikuwa imeingia uani kwake ikaomba mtoto. Nakumbuka alikwenda zizini peke yake, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi.

Furaha hiyo haikulala. Wiki ileile wazee wa mila walitangaza esaro, yaani tohara yetu sisi Wakurya. Misimu ilikuwa imepita bila tohara kwa sababu wazee waliona dalili mbaya, na vijana waliongojea walikuwa wengi na wamekomaa. Wote aliochunga nao Chacha walikuwa wanakwenda kusimama. Na siku zenyewe ziliangukia kwenye siku za kambi. Kidonda cha esaro kinataka muda, mtu haendi kuruka kichwa nacho. Akisimama na wenzake, timu itamwacha. Akienda na timu, wenzake watapita, watakuwa wanaume wenye rika na jina, na yeye atabaki kuitwa mvulana, mtu asiyeweza kusema mbele ya wanaume wala kuoa, akisubiri msimu mwingine ambao hakuna ajuaye utakuja lini.

Mzee Hamisi hakuelewa ugumu uko wapi. Alisema kwa upole kwamba kwao mtoto hutahiriwa angali mdogo, na kama ni hivyo basi Chacha apelekwe hospitali kesho, apone mapema, aende. Baba alimmiminia chai. Kisha akamweleza kwamba kwetu kukatwa si kitu, kitu ni kusimama. Unasimama mbele ya watu wote wanaokujua, hufumbi jicho, hutikisi kidole, na walio karibu nawe siku hiyo ndio ndugu zako mpaka kaburini. Hospitali hakuna wa kukuona. Mzee Hamisi alikunywa chai yake, akasema amefahamu, na nadhani alifahamu kweli kwa sababu hakulirudia tena neno hilo.

Lakini kabla ya kuondoka alitaja jambo lililonikaa mimi kichwani kuliko yote. Alisema kambini hawategemei maneno ya mtu. Kuna mashine inayopiga picha kifundo cha mkono, na picha ikionyesha mfupa wa mtu mzima, kijana anarudishwa nyumbani. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mama nikichambua mboga, na nilisikia vizuri. Sasa, kwetu mtu hafanywi mtu mzima na miaka. Anafanywa na kisu. Nilijumlisha mambo hayo mawili nikapata jibu langu: Chacha akikatwa, mashine itaona. Asipokatwa, mfupa wake utabaki wa mtoto na atapita. Ilikuwa wazi kabisa, nikashangaa watu wazima wanabishana nini.

Nikaanza kumlinda. Vijana wa esaro walikuwa wakipita njiani na njuga na filimbi wakialika jamaa, na kila nilipozisikia nilikimbia kumwangalia Chacha alipo. Akifanya mazoezi kwenye malisho, nilikaa juu ya jiwe nikitazama barabara. Akienda kisimani nilimfuata. Aliniuliza nina nini, nikamwambia asikubali mtu yeyote amguse, mashine itajua. Alicheka, akaniambia mashine haina habari na mambo hayo. Nilimwonea huruma kwa kutojua kwake. Usiku sikumwomba Mungu jambo lingine.

Baba naye alikuwa akikonda mbele yetu. Miaka ya nyuma, dada yangu angali mchanga, mama alikuwa amemwambia kwamba binti zake hawatakatwa, na akasema hivyo akiwa tayari kurudi kwao. Baba akalibeba neno hilo mpaka kwa ndugu zake na kwa wazee, akatukanwa, akatengwa kwenye vikao, akastahimili. Sisi mabinti tulikuwa salama kwa sababu baba alikuwa ametumia heshima yake yote siku ile. Kwa Chacha hakuwa na nyingine iliyobaki. Hilo nilikuja kulielewa ukubwani. Wakati ule niliona tu kwamba redio imenyamaza na kwamba baba na mama hawataniani.

Walikuja asubuhi, umande haujakauka. Tulisikia njuga kwanza, kisha wimbo, kisha wakatokea juu ya kilima, wenzake Chacha wote, na mbele yao baba mkubwa Mwita, kaka yake baba, na fimbo yake. Mkoba wa Chacha ulikuwa tayari mlangoni, maana Mzee Hamisi alikuwa anamsubiri mjini kwa safari. Yeye mwenyewe alikuwa uani amekaa kwenye gogo, amevaa njumu, anafunga kamba. Mama alimletea baba mkubwa kigoda. Akakikataa. Baba mkubwa hakuwahi kukataa kigoda nyumbani kwetu.

Hakupandisha sauti. "Marwa," alisema, "ulikuja kwetu ukasema mabinti zako hawataguswa. Tulikasirika, tukanyamaza. Leo na wa kiume hatasimama?"

Baba alitazama kiganja chake. Wimbo ulikuwa umekatika, njuga moja moja zikilia mtu alipobadili mguu. Niliogopa. Niliogopa kwamba wangemchukua Chacha palepale kwa mkono na mimi ningeuona mfupa wake ukibadilika.

Chacha akainuka. Akamwamkia baba mkubwa, shikamoo, akangoja aitikiwe, na akaitikiwa. Kisha akasema, "Baba mkubwa, sikimbii. Nikirudi nitasimama."

"Utasimama na nani? Wenzako ndio hawa, wanapita. Utasimama na hawa?" Fimbo yake ilinielekea mimi na Wambura, mtoto wa jirani niliyekuwa nikicheza naye, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota.

"Nitasimama nao."

Vijana walicheka, ila si wote. Baba mkubwa hakucheka. Alimsogelea Chacha hadi kifua kikakaribia kifua, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, "Hao unaowakimbilia wanataka watoto. Wewe si mtoto. Nilikuwepo ulipozaliwa." Kila mtu pale alidhani anasema habari ya uanaume, kwamba anamsukuma kijana aone aibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba baba mkubwa alikuwa anahesabu miaka, na sina hakika kama mwenyewe alijua.

Mama alitoka jikoni. Kwetu siku ya kusimama, mama humpaka mwanawe samli kichwani, na kila kijana pale uani alikuwa ameng'aa paji la uso kwa samli ya mama yake. Mama alikuwa na chungu chake mkononi. Alimfuata Chacha, na nikaona baba mkubwa akilegea kidogo akidhani mambo yameisha vizuri. Mama akapiga magoti. Akachovya vidole, akapaka njumu moja, kisha ya pili, polepole, mpaka kwenye mishono, mbele ya watu wote. Aliposimama alisema, "Shemeji, mwache aende," na akarudi jikoni.

Baba mkubwa alizitazama njumu zinazong'aa. Kisha akageuka, na wote wakageuka naye, na wimbo ukaanza tena wakiwa wameshavuka korongo. Chacha alichukua mkoba. Baba alimsindikiza mpaka barabarani, na pale bodaboda ilipowashwa ndipo alipomwambia kile pekee alichokuwa nacho. "Safari hii." Nilikuwa nimewafuata, ndiyo maana najua.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Vijana wa esaro walikuwa wakipona na kutembea wamefunga shuka, wakitazama uani kwetu bila kusalimia. Watu kisimani walimpa mama nafasi pana asiyoiomba. Simu ya baba ilikuwa haitoki mfukoni, na ilipolia kila mtu aliacha anachofanya. Mwanzoni habari zilikuwa nzuri, Chacha anapangwa, kocha amemsifu kwa mipira ya juu. Kisha akasema kesho ni siku ya mashine. Watu wazima wakaacha chakula. Mimi peke yangu nilikula nikashiba na nikalala usingizi, kwa sababu nilikuwa nimemlinda vizuri na hakuna aliyemgusa.

Alirudi kwa miguu kutoka barabara kuu, jua likiwa utosini. Nilimwona kwanza nikakimbia, na nilipomkaribia nikapunguza mwendo. Hakunibeba. Alipita moja kwa moja hadi zizi la ndama, akatoa njumu kwenye mkoba akazitupa kwenye samadi, kisha akakaa kwenye lile gogo. Baba alikuja akasimama mbele yake. Chacha alisema mfupa umeshafunga. Walimwonyesha picha, wenzake wa kambini wakamsaidia kufungasha vitu, kocha alimshika bega. Mashine ilikuwa imesema yeye ni mtu mzima.

Watu wakubwa walielewa palepale. Niliona mama akishika sikio lake mwenyewe, la kushoto, kama mtu anayekumbuka kitu. Hakuna aliyekuwa amedanganya, na hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu hapakuwa na wa kukasirikiwa. Mimi sikuelewa. Nilikuwa na swali moja tu, nikamwendea Chacha nikamuuliza kwa sauti ndogo ili baba asisikie, "Nani alikukata?"

Alianza kucheka, akacheka kweli, mpaka mabega yakatikisika, kisha nikaona kwamba si kicheko tena. Sikuwahi kumwona Chacha akilia na sikujua nifanye nini, nikamshika kifundo cha mkono, kile cha picha. Kilikuwa na joto kama siku zote. Dar es Salaam walimkataa kwa kuwa ni mtu mzima, na nyumbani alikuwa amerudi akiwa mvulana kuliko wote. Hapakuwa na mahali pa kumweka. Mama alikwenda zizini, akaokota njumu, na sikuziona tena mpaka siku ile ya sanduku.

Timu ilikwenda bila yeye. Baba alikuwa ameapa hatafungua redio, lakini mchana wa mechi ya mwisho ya kundi aliifungua, sauti chini, kama anayeiba. Sare ilitosha kwenda mbele. Chacha alikuwa nje anakata majani ya ndama, na kadiri dakika zilivyokwisha, panga lake lilipunguza mwendo hadi likasimama. Mtangazaji alikuwa akihema. Ikapigwa kona langoni kwetu, mpira ukaelea juu ya mabeki wote, na mtu wao mmoja akaukuta peke yake kwenye nguzo ya mbali. Tukatolewa. Baba aliweka mkono juu ya redio kama unavyomtuliza ng'ombe. Kutoka nje tulimsikia Chacha akisema, bila hasira, kwamba pale ndipo alipokuwa anasimama. Kisha panga likaendelea.

Aliacha shule. Alichunga, alilima, alimsaidia Mzee Hamisi kushona sare za wanafunzi alipokuwa mjini. Wenzake walioa. Kwenye sherehe walikaa na wanaume, yeye akaletewa chakula pamoja nasi watoto, na alikipokea kwa mikono miwili akashukuru. Ndevu zilijaa. Wasichana walimpita. Sikuwahi kumsikia akimlaumu baba wala mwalimu wa sikio, ila alikuwa mkimya sana. Alihamia upande wa Ikoma akapata kazi ya bustani kwenye hoteli ya watalii, ambako hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.

Esaro ilipotangazwa tena nilikuwa mkubwa kiasi cha kuona haya kwa ajili yake. Hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe kwa basi la kupitia Mugumu, akaamkia wazee, akamwambia baba mkubwa kwamba amekuja kusimama. Asubuhi ile mama alimpaka samli kichwani, na ilibidi Chacha apige magoti ili mama afikie. Tulisimama kwenye mteremko, wanawake na wasichana, tukiangalia uwanja. Watoto walikuwa wamepangwa, wadogo, wengine wananifikia mimi mabegani, Wambura akiwa miongoni mwao na meno yake mapya, akitetemeka magoti waziwazi. Na katikati yao Chacha, mwenye ndevu, kama mwalimu aliyewaleta. Watu walicheka upande wa pili wa uwanja. Mama aliushika mkono wangu akaubana hadi ukafa ganzi.

Ngariba alikuwa tayari. Baba mkubwa Mwita alisimama mbele ya mstari, akautazama kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kicheko kikazimika. Alisema maneno mawili tu, kwa Kiswahili, ili hata wageni wasikie. "Mkubwa atangulie."

Chacha alitoka mstarini. Tangu nimjue, umri ulikuwa unamfukuza, shuleni, kambini, kwenye sherehe, na siku ile kwa mara ya kwanza ulimwita. Alisimama wima, macho kwenye kilima cha mbali. Ngariba aliinama. Nilimtazama Chacha usoni na sikuona hata kope ikicheza. Nilimtazama Wambura nyuma yake, na magoti yake yalikuwa yametulia. Alisimama kama Chacha alivyosimama, na aliyemfuata hivyohivyo, na mtoto wa mwisho hivyohivyo. Hakuna aliyefumba jicho katika mstari ule. Baba mkubwa alivua shuka lake akamfunika Chacha mwenyewe, na baba yangu alilia mbele ya watu bila kusingizia vumbi.

Wote wale sasa ni rika lake. Walikuja kumchimbia mama kaburi, Wambura akiongoza, wakimwita Chacha mkubwa, wakimpisha kiti. Nilipotoka chumbani kwa mama nilimkuta Chacha amekaa kwenye lile gogo, mwanawe mdogo akimpanda mgongoni, nikampa mfuko wa salfeti. Akatoa kiatu kimoja. Akabonyeza ngozi kwa kidole gumba, ikabonyea, ikarudi. Ngozi ya miaka yote hiyo ilipaswa kuwa imepasuka kama tope la kiangazi. Mama alikuwa amezipaka samli mpaka mwezi wake wa mwisho, bila kumwambia mtu, na mimi sitaki kusema najua alikuwa akingoja nini.

"Bado laini," Chacha alisema.

Baba alikuwa amekaa karibu, amekonda, redio yake kimya tangu msiba. Mmoja wa wachimba kaburi alikuwa na simu sikioni, akatuambia vijana wamefuzu tena, wanakwenda mashindano ya Afrika. Sote tulimgeukia baba. Alifungua mdomo, akatazama mlango wa jiko ambapo hapakuwa na mtu wa kumjibu, akafunga mdomo. Chacha akaweka kiatu gotini, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Safari hii, baba," alisema.